George Thomas Beatson

George Thomas Beatson (27 Mei 1848 – 16 Februari 1933) alikuwa daktari mpasuaji wa Uskoti, anayekumbukwa kwa kuonyesha kwamba saratani ya matiti inaweza kurudi nyuma mgonjwa akiondolewa ovari. Huhesabiwa mwanzilishi wa tiba ya homoni kwa ugonjwa huo, ingawa neno "homoni" lilianza kutumika mwaka 1905 tu.

Maisha

Alizaliwa Trincomalee, Ceylon (leo Sri Lanka), akasoma Cambridge na Edinburgh, kisha akawa msaidizi wa mpasuaji Joseph Lister. Alipoandika tasnifu yake juu ya utoaji wa maziwa alijifunza kwamba baadhi ya wafugaji waliwaondoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yasikatike. Basi kiungo kimoja kilitawala kingine kilicho mbali. Wazo hilo hakuliacha.

Upasuaji wa 1895

Mwezi Juni 1895, huko Glasgow, alimwondoa ovari mama wa miaka 33 ambaye saratani ilikuwa imemrudia kifuani baada ya titi kukatwa, na hakukuwa na tiba nyingine ya kumpa. Baada ya miezi kadhaa uvimbe ulitoweka. Mama huyo aliishi karibu miaka 4 zaidi, kisha saratani ikarudi na kumuua. Beatson alitangaza matokeo katika jarida la The Lancet mwaka 1896.

Wapasuaji wengine walipojaribu, takriban mgonjwa 1 kati ya 3 ndiye aliyepata nafuu. Waliobaki walipata maumivu ya kisu na kukoma hedhi mapema bila faida, na hakuna aliyeweza kuwatambua kabla.

Maelezo ya baadaye

Ovari hutoa estrojeni. Homoni hiyo huingia katika seli na kushikamana na protini iitwayo kipokezi, kama ufunguo katika kufuli, na seli huamriwa kugawanyika. Uvimbe usio na vipokezi hivyo haujali kama estrojeni ipo au haipo. Ndiyo maana siku hizi kipande cha uvimbe hupimwa kwanza.

Dawa zinazopinga estrojeni, kama tamoksifeni iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1962, hukaa ndani ya kipokezi na kuizuia homoni isiingie. Jaribio la zamani la kuzipima hutumia panya walioondolewa ovari: hupewa estrojeni pamoja na dawa, kisha mfuko wa uzazi hupimwa uzito. Usipoongezeka kama kawaida, dawa inazuia. Lakini tamoksifeni, inayozuia katika titi, huuchochea kwa kiasi mfuko wa uzazi wa binadamu, kwa hiyo haitoshi kuipima katika kiungo kimoja.

Kazi nyingine

Beatson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha huduma ya kwanza cha St Andrew's mwaka 1882. Hospitali ya saratani ya Glasgow ilipewa jina lake baada ya kifo chake.