Mathias Zdarsky, Mwalimu Aliyefukiwa na Theluji

Mnamo mwaka 1908, wapagazi 20 wa msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein walikufa kwa baridi katika Mlima Karisimbi, walipokumbwa na tufani ya mvua ya mawe na theluji. Msiba huo wa hapa Rwanda watukumbusha kwamba mlima haumwonei haya mtu asiyejiandaa. Huko Ulaya, ambako theluji hufunika milima kila mwaka, alikuwako mtu aliyetumia maisha yake kufundisha jambo hilo. Naye ni Mathias Zdarsky.

Zdarsky alizaliwa Februari 1856 katika Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Tangu utotoni alikuwa kipofu wa jicho la kushoto. Hata hivyo akawa mwalimu, mchoraji na mchongaji, na mwaka 1889 akahamia shambani karibu na Lilienfeld, nchini Austria. Huko ndiko alikojifunza skii, yaani zile mbao ndefu zifungwazo miguuni kwa ajili ya kuteleza juu ya theluji.

Siku hizo skii zilitoka Norway, na vifungio vyake vilikuwa vimelegea. Katika miteremko mikali ya Alpi mguu uliyumba, mtu akashindwa kugeuka wala kusimama, akaanguka na kuumia. Baada ya majaribio ya miaka kadhaa, Zdarsky alibuni kifungio chenye bamba la chuma kilichouzuia mguu usiyumbe pembeni. Mwaka 1896 akatoa kitabu cha mafunzo. Alifundisha watu wengi bila malipo, akisisitiza kwamba aliyeshindwa kuutawala mwendo wake hana haki ya kuukimbilia mteremko. Tarehe 19 Machi 1905 aliandaa shindano katika Mlima Muckenkogel, ambamo washindani 24 walipita kwa zamu katika malango 85, ili uonekane ustadi wa kugeuka.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, jeshi la Austria na Hungaria lilimtumia kama mtaalamu wa milima. Theluji ilikuwa adui wa pande zote mbili: mnamo Desemba 1916, poromoko moja tu katika Mlima Marmolada liliua askari zaidi ya 200. Zdarsky mwenyewe alikuwa amekwisha kufukiwa na poromoko Februari mwaka huo, akiwa kazini, na umri wake miaka 60. Alitolewa akiwa hai, lakini mwili wake ulikuwa na mivunjiko na miteguko ipatayo 80. Wengi wangalikata tamaa. Yeye alijitungia mazoezi, akajifundisha upya kutembea, na hatimaye akarudi kwenye skii. Baadaye aliandika juu ya maporomoko ya theluji, ili wengine waokoke.

Aliaga dunia Juni 1940. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Hjalmar Hvam, Mnorway aliyehamia Marekani na kuvunjika mguu mwaka 1937, alikuwa amepata hataza ya kifungio kinachofyatuka mtu aangukapo. Hivyo kazi ya usalama iliendelezwa na mwingine aliyeumia.

Askari na polisi wana la kujifunza hapa. Ujasiri ni sifa njema, lakini hata bingwa aliyeujua mlima kuliko wenzake alifukiwa. Kilichomwinua ni nidhamu ya mazoezi. Na kilichowaokoa wanafunzi wake ni kujua kusimama kabla ya kujua kukimbia.