Koinange Gani Huyo? Wacha Kuchanganya Buda na Kijana Wake

Wasee wengi wakiskia Koinange wanafikiria waziri wa Mzee Kenyatta. Zii! Huyo ni kijana, Mbiyu Koinange. Buda yake ndiye Koinange wa Mbiyu, chifu mkuu wa Kiambu. Majina yamegeuka juu Wakikuyu humpa kifungua mimba wa kiume jina la guka yake.

Buda alituma kijana Marekani kusoma 1927. 1931 yeye mwenyewe akafika London kutetea watu wake. Halafu 1952 chifu Waruhiu akauawa, na wabeberu wakamshtaki buda. Korti ikamwachilia, lakini bado wakamweka kizuizini miaka kibao. Alidedi 1960.

Kijana akaja kuwa waziri. Buda hata uhuru hakuuona.