Mtakatifu Petro Claver na Meli Zisizokwisha



Leo niseme ukweli. Nikifungua simu naona vita, njaa, mafuriko, mtoto anayechangiwa matibabu. Zamani nilikuwa nalia. Siku hizi napitisha kidole tu, naendelea. Sina roho mbaya jamani, nimechoka. Shida ni nyingi mno, na mimi nina nini cha kutoa? Ndipo nikamkumbuka Petro Claver.

Alizaliwa Hispania mwaka 1580, akajiunga na Wajesuiti. Akiwa masomoni kisiwani Mallorca alizoeana na bawabu wa chuo, mzee Bruda Alfonso Rodriguez. Huyo bawabu ndiye aliyemhimiza aende Amerika. Mwaka 1610 Petro akafika Cartagena, bandari iliyopo Kolombia ya leo, na mwaka 1616 akapata upadre hukohuko.

Cartagena ilikuwa soko la watumwa. Meli zilishusha Waafrika waliofungwa minyororo, wagonjwa, wenye madonda, na wengi walikuwa wameshafia njiani. Meli moja ikiondoka, nyingine inatia nanga. Petro hakuwa na uwezo wa kuzizuia.

Sasa alifanyaje? Meli ikifika tu, anashuka mwenyewe kule chini, kwenye giza na harufu, pamoja na wakalimani wake Waafrika, ambao nao walikuwa watumwa. Kwanza maji, chakula, dawa. Anaosha madonda kwa mikono yake, anamfunika mgonjwa kwa joho lake. Mafundisho ya dini yanafuata baadaye. Mwaka 1622, alipoweka nadhiri zake za mwisho, alijiandika kuwa mtumwa wa Waafrika siku zote. Na kweli akawa hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwili ukagoma. Miaka yake minne ya mwisho alilala chumbani, mikono ikitetemeka, karibu amesahaulika. Alifariki tarehe 8 Septemba 1654, na meli bado zilikuwa zinakuja.

Hapo ndipo moyo wangu uliguswa. Yaani kwa hesabu zetu alishindwa! Lakini yule mgonjwa aliyenyweshwa maji siku ile, alinyweshwa kweli. Mwaka 1888 Kanisa lilimtangaza mtakatifu, siku moja na yule mzee wa mlangoni.

Nimegundua simu inanionyesha maelfu ya watu, na simshiki mkono hata mmoja. Ndiyo maana nachoka. Petro aliona maelfu pia, ila kila mara aliinama kwa yule aliyelala mbele yake.

Mtaani kwetu yupo bibi mgonjwa anayeishi peke yake. Nimempita miezi mingi. Jumamosi hii nitamchotea maji, nikae naye kidogo. Wewe je, wako ni nani?

Mtakatifu Petro Claver, utuombee.