Menelik, mteja aliyewapiga wauzaji kwa bunduki zao

Hebu rudi nami hadi mwaka wa 1887, pale Entoto, kwenye milima iliyo juu ya mahali ambapo leo ni jiji la Addis Ababa. Mzungu mmoja mwembamba, aliyechomwa na jua, amefika baada ya safari ya miezi minne na ngamia kutoka Tadjoura, pwani ya Ghuba ya Aden. Mzigo wake ni bunduki kama 2,000, kuukuu, ambazo zilinunuliwa Ulaya kwa bei ya kutupa. Jina lake Arthur Rimbaud. Ndiyo, huyo huyo mshairi wa Ufaransa ambaye wanafunzi wa fasihi wanamsoma hadi leo. Aliacha mashairi akiwa na miaka kama 20 hivi, na sasa anauza silaha.

Rimbaud anatarajia kutajirika. Lakini mteja wake si mtu wa kuchezewa. Anaiangalia mali, anapunguza bei, kisha anamkumbusha kwamba mshirika wake wa biashara, ambaye alikuwa amefariki, aliacha madeni. Madeni yanakatwa hapo hapo. Kilichobaki hapewi mkononi. Anaandikiwa hati akadai pesa zake Harar kwa gavana mmoja anayeitwa Makonnen, binamu wa mteja mwenyewe. Rimbaud anaondoka akinung'unika. (Lishike hilo jina la Makonnen, tutakutana nalo tena.)

Mteja huyo alikuwa Menelik, wakati huo mfalme wa Shewa tu, bado hajawa mtawala wa Ethiopia nzima. Ukitaka kuelewa kinachotokea nchi moja inapoiuzia nyingine silaha kwa jina la urafiki, maisha yake yatakufunza zaidi ya hotuba za mawaziri wa ulinzi wa siku hizi.

Alizaliwa mwaka wa 1844 akaitwa Sahle Mariam. Baba yake, mfalme wa Shewa, alifariki mwaka wa 1855 wakati ambapo mfalme mkuu Tewodros alikuwa akiiteka nchi yao. Kijana akiwa na miaka 11 akachukuliwa mateka, akapelekwa katika ngome ya Magdala. Ajabu ni kwamba Tewodros alimlea vizuri, akamsomesha, hata akamwoza binti yake. Kwa miaka kumi hivi mateka huyu alimtazama mtu aliyekuwa na kiu moja kubwa: bunduki na mizinga. Tewodros aliwalazimisha wamishonari wa Kizungu wamtengenezee mizinga pale Gafat. Alimwandikia Malkia Victoria akiomba mafundi, barua ikakaa bila jibu, naye kwa hasira akamtia ndani balozi mdogo wa Uingereza.

Menelik hakungoja aone mwisho wa hayo. Mwaka wa 1865 alitoroka usiku, akamwacha mke nyuma, akarudi Shewa kutwaa kiti cha baba yake. Miaka mitatu baadaye Waingereza walipanda hadi Magdala na jeshi kutoka India, na Tewodros akajiua. Inasimuliwa kwamba bastola aliyojiulia ilikuwa zawadi kutoka kwa Victoria huyo huyo.

Sasa tazama Waingereza walivyoondoka. Kuna mtawala wa Tigray aliyewaruhusu kupita kwake, basi wakamwachia mizinga na mamia ya bunduki kama shukrani. Miaka michache baadaye mtu huyo aliwashinda wapinzani wenye majeshi makubwa kuliko lake, akatawazwa kuwa Yohannes wa Nne, mfalme wa Ethiopia. Yaani mzigo ambao Waingereza hawakutaka kuurudisha nyumbani uliamua nani atawale nchi ya watu wengine. Menelik, aliyekitamani kiti hicho, akalazimika kumtambua Yohannes mwaka wa 1878. Lakini somo alikuwa amelipata.

Kuanzia hapo akawa mnunuzi. Alilipa kwa pembe za ndovu, dhahabu, kahawa na zabadi, na tusifiche, biashara ya watumwa nayo ilichangia hazina ya Shewa. Wakati ulimfaa sana. Kila jeshi la Ulaya lilipopata bunduki mpya, maghala yalijaa za zamani. Ufaransa ilipoanza kutumia bunduki aina ya Lebel mwaka wa 1886, zile za Gras ziligeuka mitumba. Unajua mtumba unavyofanya kazi: kwa mwenyewe umepitwa na wakati, kwa mnunuzi ni mpya kabisa. Na mpiganaji aliyebeba mkuki hatakuuliza bunduki yako ni ya mwaka gani.

Muuzaji wake mkubwa akawa Italia. Waitaliano walikuwa wameteka Massawa mwaka wa 1885, na walipojaribu kusonga bara, Ras Alula, jenerali wa Yohannes, akaliangamiza kundi lao la wanajeshi kama 500 huko Dogali, Januari 1887. Wakakuna kichwa. Adui yao ni Yohannes. Mpinzani wa Yohannes ni nani? Menelik. Basi tumpe silaha, atatusaidia. Mwaka huo huo wakakubaliana kumpa bunduki 5,000 aina ya Remington ili asiingilie vita vyao.

Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi. Mjumbe wa Italia, Pietro Antonelli, alimwona Menelik kama mtu wao. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa chini akajiuliza Menelik mwenyewe alikuwa anataka nini.

Machi 1889 Yohannes aliuawa akipigana na Mamahdi wa Sudan huko Metemma. Menelik akajitangaza mfalme wa wafalme, na tarehe 2 Mei akatia saini mkataba wa Wuchale na Italia. Italia ilipata eneo ambalo leo ni Eritrea. Makonnen akatumwa Italia, na Menelik akapata mkopo wa lira milioni 4, ambao sehemu kubwa yake ulikusudiwa silaha, pamoja na maelfu mengine ya bunduki. Mwaka wa 1890 mataifa yalipokubaliana huko Brussels kuzuia silaha kuingia Afrika, Italia yenyewe iliisaidia Ethiopia kupata haki ya kuendelea kununua.

Ila mkataba ulikuwa na mtego. Kifungu cha 17 kwa Kiamhara kilisema Ethiopia inaweza kuitumia Italia katika mawasiliano na Ulaya. Kwa Kiitaliano kilisema ni lazima. Neno moja tu, na nchi nzima inakuwa chini ya ulinzi wa mwingine! Menelik alikuja kugundua alipowaandikia watawala wa Ulaya kuhusu kutawazwa kwake, akajibiwa kwamba inabidi apitie Roma.

Mimi na wewe tungerusha barua za matusi siku hiyo hiyo. Yeye alilalamika, ndiyo, lakini hakuvunja uhusiano mara moja. Nchi ilikuwa katika njaa mbaya sana, kwa sababu sotoka, ambayo inasemekana iliingia na ng'ombe walioletwa Massawa kwa ajili ya Waitaliano, ilikuwa imefyeka mifugo. (Ugonjwa huo ulishuka hadi huku kwetu na kuwamaliza ng'ombe wa Wamaasai.) Akavuta subira. Mapema mwaka wa 1893 Italia, ikijaribu kumbembeleza, ikamletea risasi milioni 2. Akapokea. Mwezi huo huo wa Februari akayatangazia mataifa kwamba mkataba wa Wuchale umekufa. Na deni la mkopo akalilipa, ili mtu asije akasema anadaiwa.

Kumbe mteja ndiye aliyekuwa akimpima muuzaji.

Adwa huenda unaijua, kwa hivyo sitakawia. Tarehe 1 Machi 1896, Jenerali Oreste Baratieri alitembeza wanajeshi wapatao 17,000 usiku kwenye milima asiyoijua, vikosi vikapotezana, kulipokucha wakajikuta mbele ya jeshi la watu kama 100,000, wengi wao wakiwa na bunduki. Malkia Taytu alikuwepo na wapiganaji wake. Kufikia mchana Italia ilikuwa imepoteza maelfu ya watu na mizinga yake yote. Waziri mkuu Crispi akajiuzulu, na mwezi Oktoba Italia ikaitambua Ethiopia kuwa nchi huru. Sehemu ya risasi zilizowaua wale vijana wa Kiitaliano ilikuwa imetoka kwa serikali yao wenyewe.

Shuleni mimi nilifundishwa hadi hapo: Mwafrika kamshinda Mzungu, pigeni makofi. Na makofi yanastahili. Lakini ukiishia hapo utakuwa umesoma nusu ya risiti.

Kwanza, askari wa Eritrea waliotekwa Adwa, Waafrika waliopigana upande wa Italia, walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Waitaliano waliotekwa walirudishwa kwao baada ya fidia kulipwa.

Pili, muulize Muoromo wa Arsi, au Mwolayta, au mtu wa Kaffa, bunduki za Menelik zilikuwa za nini. Arsi ilipigwa miaka ya 1880, Wolayta mwaka wa 1894, Kaffa mwaka wa 1897. Watu wa mikuki na farasi walikabiliwa na watu wa Remington. Wanajeshi walioachwa kutawala kusini waliitwa neftenya, jina linalotokana na neno la Kiamhara la bunduki, na wakulima wa huko wakagawiwa kwao wawalishe na kuwatumikia. Wafaransa waliokuwa wakiuza kupitia Djibouti walifurahi kumwona Mwitaliano akibanwa. Mtu wa Arsi hakuwa katika hesabu za yeyote, si za muuzaji wala za mnunuzi.

Wimbi hilo lilifika hadi kwetu. Wanajeshi wa Menelik waliiteka nchi ya Waborana, na mwaka wa 1907 Menelik na Waingereza wakakubaliana mpaka uliowakata Waborana vipande viwili. Ukipanda basi hadi Moyale leo, mpaka huo utauvuka kwa miguu. Kwa miaka mingi baadaye, majangili wenye bunduki kutoka upande wa pili walikuwa wakishuka kaskazini mwa Kenya kutafuta pembe za ndovu.

Kwa hivyo je, Italia na Ufaransa hazikufaa kumuuzia? Nikijibu haraka nitakudanganya. Bila bunduki hizo, Ethiopia ingekuwa koloni mwaka wa 1896, hilo sina shaka nalo. Na kwa bunduki hizo hizo mamilioni ya watu wa kusini walipoteza uhuru wao. Ninachokataa ni ile lugha ya wauzaji, ya zamani hizo na ya sasa, kwamba silaha wanazotoa ni za kumsaidia rafiki kujilinda, kana kwamba zina kamba ya kuzivuta zikielekezwa pabaya. Italia haikuwa na kamba yoyote. Ilikuwa na mkataba wenye neno la ujanja.

Menelik alipigwa na kiharusi zaidi ya mara moja katika miaka yake ya mwisho. Desemba 1906, alipokuwa akidhoofika, Uingereza, Ufaransa na Italia zilikubaliana kuhusu kugawana ushawishi katika nchi yake, na pia zikaweka masharti juu ya silaha zinazoingia huko. Alifariki Desemba 1913, na kifo chake kikafichwa kwa muda.

Yule Makonnen wa Harar alikuwa na mwana, Tafari, ambaye mwaka wa 1930 alitawazwa akaitwa Haile Selassie. Mwaka wa 1935 Italia ilipojiandaa kurudi, Uingereza na Ufaransa zilisimamisha mauzo ya silaha kwa pande zote mbili, ati ili zisipendelee. Italia ilikuwa na viwanda vyake. Ethiopia haikuwa navyo. Marufuku ilipoondolewa kwa Ethiopia, vita vilikuwa vimeshaanza, na ndege za Mussolini zikamwaga gesi ya sumu. Tarehe 2 Mei 1936, siku ile ile ya mkataba wa Wuchale, Haile Selassie alipanda treni Addis Ababa kabla ya mapambazuko, akaelekea uhamishoni kupitia Djibouti, bandari ambayo bunduki za Menelik zilikuwa zikipitia.