Gilbert Walker: Mwanahisabati aliyegundua mizani ya anga

Kila ifikapo Novemba, anga ya Delhi nchini India na ya Lahore katika nchi jirani ya Pakistan hubadilika rangi. Wakulima wa Punjab, pande zote mbili za mpaka, huchoma mabua ya mpunga, na moshi wake hukutana na ule wa magari, viwanda na tanuri za matofali. Hata hivyo, madhara hayalingani mwaka hadi mwaka. Kuna majira ya baridi ambayo upepo huutawanya moshi huo, na mengine ambayo hewa husimama nao ukabaki juu ya vichwa vya watu kwa siku nyingi.

Ufunguo mmoja wa kuelewa tofauti hiyo uliachwa na Mwingereza aliyefariki dunia mwaka 1958. Yeye hakuwa akitafuta chanzo cha moshi. Alikuwa akitafuta mvua.

Gilbert Thomas Walker alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma hisabati katika Chuo cha Trinity, Cambridge, na mwaka 1889 akawa wa kwanza katika mtihani wa hisabati wa chuo kikuu hicho. Masomo yalimchosha kiasi cha kuidhoofisha afya yake, akalazimika kwenda Uswisi kupumzika wakati wa baridi. Alipenda filimbi, kuteleza kwenye barafu, na zaidi ya yote bumerangi, silaha ya mti ya wenyeji wa Australia ambayo humrudia aliyeirusha. Aliirusha mno viwanjani Cambridge hata ikawa jina lake la utani.

Mwaka 1904 alikabidhiwa uongozi wa idara ya hali ya hewa ya India, yenye makao makuu Simla, chini ya milima ya Himalaya. Hakuwa mtaalamu wa hali ya hewa, wala hakudai kuwa hivyo. Lakini kazi iliyomsubiri ilikuwa nzito. Monsuni ilikuwa imeshindwa mwaka 1877, ikashindwa tena mwaka 1899, na kila mara njaa ilifuata na kuua umati wa watu. Mwaka huo wa 1899 idara ilikuwa imetabiri mvua njema. Serikali ya kikoloni ilitaka utabiri unaoweza kuaminika.

Walker aliona kwamba nadharia za wakati wake hazitoshi kueleza mwendo wa anga. Akaamua kuziuliza tarakimu. Alikusanya vipimo vya mgandamizo wa hewa, joto na mvua kutoka pembe nyingi za dunia, kisha akapima kwa hisabati ni vipi kati yake vinavyopanda na kushuka pamoja. Miongoni mwa vipimo alivyotumia kukisia monsuni ya India vilikuwa theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius, na mvua ya Mei ya Zanzibar. Kompyuta hazikuwapo. Hesabu zilifanywa kwa mkono na makarani wa Kihindi, hasa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wengi Waingereza walipoitwa vitani.

Katika wingi huo wa tarakimu zilijitokeza mizani tatu kubwa, ambazo Walker alizieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1923 na 1924. Ya kwanza ni ile ya kusini: mgandamizo wa hewa ukipanda katika Bahari ya Pasifiki, hushuka katika Bahari ya Hindi, na kinyume chake. Ya pili iko Atlantiki ya Kaskazini, kati ya visiwa vya Azores na Iceland. Ya tatu iko kaskazini mwa Pasifiki. Mwaka 1924 alitunukiwa heshima ya Sir, akaondoka India na kuwa profesa katika Chuo cha Imperial, London, hadi mwaka 1934.

Mizani hizo ndizo zinazogusa hewa inayovutwa na mamilioni ya watu. Wakati wa baridi ardhi hupoa haraka usiku, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia. Hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu. Bila upepo, moshi wote wa mji hubaki chini ya kifuniko hicho. Ni mgandamizo wa hewa wa maeneo makubwa, wenye upana wa maelfu ya kilomita, unaoamua kama upepo utakuja kukifunua.

Katika Atlantiki, tofauti ya mgandamizo kati ya Azores na Iceland ikiwa kubwa, pepo za magharibi huvuma kwa nguvu juu ya Ulaya ya kaskazini, zikileta mvua na kuisafisha miji. Sehemu ya uchafu huo haipotei, bali husukumwa hadi Aktiki. Tofauti ikipungua, pepo hudhoofika, baridi kali hutulia, na moshi hujikusanya pale pale unapozalishwa.

Walker alikuwa na umri wa miaka 84 wakati London ilipopata funzo kali kuhusu hewa iliyosimama. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, mgandamizo mkubwa wa hewa ulitulia juu ya kusini mwa Uingereza. Moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani ulichanganyika na ukungu. Hesabu za kwanza zilitaja vifo 4,000. Uchunguzi wa baadaye ulikisia vifo vilivyofikia 12,000.

Walker alifariki dunia tarehe 4 Novemba 1958. Wengi walikuwa bado na shaka juu ya mizani zake, kwa kuwa alionyesha uhusiano bila kuweza kueleza chanzo chake. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, mtaalamu mzaliwa wa Sweden mwenye asili ya Norway, aliunganisha mizani ya kusini na joto la maji ya Pasifiki, yaani El Niño. Mzunguko wa hewa juu ya bahari hiyo aliupa jina la Walker.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Desemba 2015, El Niño ikiwa na nguvu, Beijing ilitangaza tahadhari nyekundu ya hewa chafu kwa mara ya kwanza, na baadhi ya watafiti walihusisha hali hiyo na kulegea kwa pepo za kaskazini. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, La Niña ikiwa katika mwaka wake wa tatu mfululizo, miji ya kaskazini mwa India ilipata nafuu, ilhali Mumbai, iliyozoea kusafishwa na upepo wa bahari, ilielemewa. Watafiti wa India waliona mkono wa La Niña katika mageuzi hayo ya pepo.

Hata Afrika Mashariki haiko mbali na habari hii. Kaskazi, upepo ulioleta majahazi Mombasa na Zanzibar kwa karne nyingi, ndio monsuni ya baridi ya Asia Kusini. Mwaka 1999 utafiti wa kimataifa uliofanyika Bahari ya Hindi ulikuta upepo huo ukibeba utando wa moshi wa kahawia kutoka bara hilo hadi karibu na Ikweta.

Urithi wa Walker unaweza kuzipa serikali miezi kadhaa ya kujiandaa kabla ya majira mabaya. Hauwezi kuzipa zaidi ya hapo. Hakuna amri inayoweza kuuamuru upepo uvume, wala upepo hautambui mpaka uliochorwa mwaka 1947 katikati ya Punjab. Uingereza ilipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, ikazuia moshi wa makaa ya mawe mijini. Hewa ya London bado husimama katika baadhi ya siku za Desemba, lakini ukungu mweusi wa 1952 haujarudi.