Thomas Liao: Rais wa Taiwan aliyeishi Tokyo

Kwa miaka 9 Thomas Liao aliitwa rais, ila hakuwa na jeshi wala kipande cha ardhi cha kutawala.

Alizaliwa mwaka 1910 Xiluo, Taiwan, kisiwa kikiwa koloni la Japani. Alisoma hadi akapata udaktari wa uhandisi wa kemikali Marekani.

Japani iliposhindwa vita mwaka 1945, Taiwan ikaingia mikononi mwa serikali ya China ya Chiang Kai-shek. Februari 28, 1947 wananchi walichoka, wakaingia barabarani. Jeshi likaua maelfu. Liao hakuwepo kisiwani, lakini naye akawekwa kwenye orodha ya wanaosakwa.

Akakimbilia Hong Kong, kisha Japani, akidai Wataiwan wapige kura kuamua hatma yao wenyewe. Februari 28, 1956 akaapishwa Tokyo kuwa rais wa Serikali ya Muda ya Jamhuri ya Taiwan.

Chiang alipomkosa yeye, aliwabana ndugu zake. Wengine walifungwa, na mtoto wa kaka yake akahukumiwa kifo. Mei 1965 Liao akasalimu amri, akarudi nyumbani. Ndugu waliachiwa, mali ikarudishwa. Kwa wenzake waliobaki ughaibuni, lilikuwa pigo kubwa.

Alifariki mwaka 1986, sheria ya kijeshi ikiwa bado inatumika. Iliondolewa mwaka uliofuata, na mwaka 1996 Wataiwan wakamchagua rais wao kwa kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza.