Koilegen, nduguye Koitalel ambaye hatumtaji

Hebu nikuulize. Koitalel arap Samoei unamjua? Bila shaka. Jina lake liko kwa vitabu vya historia, makavazi yake yapo Nandi Hills, na karibu kila mtu anakumbuka ile hadithi ya afisa Mwingereza, Meinertzhagen, aliyekutana naye kwa mazungumzo ya amani kisha akampiga risasi, Oktoba 19, 1905. Sawa. Sasa Kipchomber arap Koilegen je?

Kimya, ama? Basi leo tuongee kuhusu huyo.

Koitalel na Kipchomber walikuwa watoto wa baba mmoja. Usichanganywe na hayo majina ya "arap" kuwa tofauti, baba yao ni yule yule. Wote wawili walikuwa viongozi na wote wawili walimalizwa na serikali moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliuawa siku moja na akabaki shujaa, huyu mwingine akapelekwa mbali afie huko, na ukoo wake hadi leo unatafuta shamba. Ukitoka Kaplong ukipitia Litein hadi Kericho, ile chai unayopiga picha kupitia dirisha la matatu inahusika sana na hii stori.

Tuanze na mababu. Familia hii ni ya ukoo wa Talai. Simulizi za wazee zinasema asili yao ni Wamaasai. Katika karne ya 19 Wamaasai wa upande wa Uasin Gishu walipigana na wenzao hadi wakasambaratika, na familia ya laibon, yaani mtabiri wao, ikakimbilia kwa Wanandi. Wakapokewa na kupewa kinga. Polepole wakawa ndio wanaotoa orkoiyot.

Orkoiyot hakuwa chifu. Hakuwa na ofisi wala askari. Lakini vijana hawakuenda vitani bila baraka yake, na wakirudi na ng'ombe, yeye alikuwa na mgao wake. Watu walimwendea kuhusu mvua, kupanda, magonjwa. Waliamini kwamba anayeweza kubariki anaweza pia kulaani. Kwa hivyo heshima na woga vilienda pamoja, na hilo litawagharimu Talai sana huko mbele.

Baba yao, Kimnyole arap Turukat, ndiye anayekumbukwa kwa kutabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma anayetema moshi. Lakini utabiri haukumwokoa. Mambo yalipoharibika, ng'ombe wakafa, vijana wakaangamia vitani, Wanandi walimlaumu yeye. Mwaka wa 1890 wakampiga marungu hadi akafa.

Jiweke kwa viatu vya hao vijana. Baba yako ameuawa na watu wale wale waliokuwa wakimwomba baraka. Na bado kiti kiko wazi, na kinataka mtu mmoja. Wanandi wakagawanyika, kundi moja nyuma ya Koitalel, lingine nyuma ya Kipchomber. Koitalel akashinda. Kipchomber, katikati ya miaka hiyo ya 1890, akavuka kwenda kusini kwa Wakipsigis.

Ona sasa. Babu zake walikuwa wakimbizi kwa Wanandi, na yeye akawa mkimbizi kutoka kwa Wanandi. Bahati yake ni kwamba Kinandi na Kipsigis ni lugha zinazosikizana kabisa, kwa hivyo hakuingia kama mgeni bubu. Tena alifika wakati Wakipsigis walikuwa wanauguza kidonda. Mapema miaka hiyo walikuwa wamepigwa vibaya na Wagusii katika vita vya Saosao. Jamii iliyopoteza vijana wengi hivyo ilihitaji mtu wa kuwaambia lini watoke na lini wakae. Kipchomber akawa mtu huyo, orkoiyot mkuu wa kwanza wa Wakipsigis.

Hakukaa sana kwa amani. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, ikipita kwenye nchi ya Wakipsigis, mahali ambapo Waingereza walipaita Lumbwa na leo tunapaita Kipkelion. Nyoka wa baba yake akawa amefika mlangoni.

Halafu ukaja 1905. Mwezi Juni, baada ya vijana wa Sotik kuvamia Wamaasai na kukataa kurudisha ng'ombe na mateka, serikali ilituma jeshi. Watu wengi waliuawa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Sotik hiyo ni hapo tu, jirani na Kaplong. Miezi minne baadaye Koitalel naye akauawa. Yaani ndani ya mwaka mmoja Kipchomber aliona watu waliompokea wakipigwa kwa bunduki, kisha akapata habari kwamba ndugu yake, aliyemshinda na kumfanya ahame, hayupo tena.

Serikali sasa iliona mkono wa Talai kila mahali. Ng'ombe akiibwa, ni Talai. Watu wakikataa amri, ni Talai. Mwaka wa 1914 ikamkamata Kipchomber pamoja na ndugu zake wawili, arap Boisio na arap Sing'oei, ikawahamishia Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na Nyeri. Mbali na watu wao, katikati ya lugha wasiyoijua. Kipchomber hakurudi. Alifia huko.

Wakati yeye hayupo, nchi ilibadilika. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 hivi za Kericho zilipewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemaa vitani. Wakajaribu kupanda kitani, mradi ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1920 zikaingia Brooke Bond na James Finlay, na chai ikaanza kutambaa juu ya vilima. Finlay ilitoka Glasgow, Scotland. Na hapo kuna kitu cha kushangaza, kwa sababu Scotland yenyewe ilikuwa na historia hiyo hiyo. Huko milimani wakulima wengi walifukuzwa ili kondoo wa matajiri wapate malisho, na wengi wao wakapanda meli kwenda Canada. Lakini huko Canada wengi walipata ardhi mpya ya kuanza upya, ardhi ambayo nayo ilikuwa ya wenyeji wengine. Leo wajukuu wao hutafuta majina ya mababu kwenye orodha za meli na vitabu vya kanisa.

Wajukuu wa Talai walipata nini? Walipata sheria. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa malaibon, na katika miaka iliyofuata watu karibu 700, wazee, akina mama, watoto wachanga, wakahamishwa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, leo ni Kaunti ya Homa Bay. Mtoto hakuulizwa amefanya nini. Kosa lake lilikuwa jina. Watu wa baridi wakatupwa kwenye joto, mbung'o na malaria. Mifugo ikafa, watu wakafa.

Na upande wa Nandi hali ilikuwa ile ile. Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, alikamatwa 1923 na hakuachiliwa hadi 1964, wakati Kenya ilikuwa tayari huru.

Talai wa Kericho waliruhusiwa kurudi karibu 1962. Wakakuta nini? Chai. Mashamba yana wenyewe, yana mipaka, yana karatasi. Familia nyingi zikaishia kubanana pembeni mwa mji. Na kwa sababu ule woga wa laana haukuisha, hata majirani si wote waliowafungulia mlango.

Hii si historia iliyokauka. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba watu hawa na Wakipsigis wenzao walidhulumiwa. Mwaka wa 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliikosoa Uingereza wazi kwa kukwepa jambo hili. Mwaka wa 2022 walalamishi wakaipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Kwenye kesi kama hiyo, kitu cha kwanza unachoulizwa ni wewe ni mtoto wa nani na mlitolewa wapi. Mskoti wa Canada atafungua orodha ya meli. Mjukuu wa Talai anategemea shosho anayekumbuka nani alizaliwa Gwassi na nani alizikwa huko, na mashosho hao wanaisha. Kwa hivyo wewe ambaye kwenu ni Kaplong, Litein au Sotik, Talai au si Talai, wikendi ukienda ocha toa simu, bonyeza kurekodi, na muulize majina. Anza na baba ya babu yake, halafu mwache aongee.